Usingoje mjomba aandikiwe kwenda nyumbani ndipo utafute msamaha wa bili

Umeuliza mambo manne kuhusu mjomba wako aliyelazwa kwa kiharusi: SHA yake (bima ya afya ya serikali), kadi ya ulemavu, pesa za wazee, na mahali pa kumnyoosha mkono uliopooza kwa bei nafuu huku Eastlands, Nairobi. Nimesoma yote. Lakini chai ilinipalia nilipofika pale katikati uliposema, "tunangoja kwanza aruhusiwe, bili ijulikane, ndipo tuone watu wa msamaha."

Acha hiyo. Leo.

Mwaka jana mama mdogo wangu, muuza omena, alilazwa na kidonda cha kisukari. Kilianza kama lengelenge la kiatu cha plastiki, kikaisha na vidole viwili kukatwa. Ukoo mzima ukakutana pale maegesho ya hospitali tukagawana kazi: nani alete uji, nani akae naye saa za kuona wagonjwa, nani afungue kundi la mchango WhatsApp. Hakuna aliyepangiwa kwenda afisi ya ustawi wa jamii, ile ya hospitali inayoshughulikia msamaha wa bili. Ilikuwa hatua kama hamsini kutoka wodini, mlango wa bluu, benchi nje. Nilipita hapo na chupa ya uji mara mbili kwa siku, siku kumi na sita. Nilidhani ni mahali pa kushughulikia watoto waliotupwa.

Na hatukwenda kwa nini? Shemeji yangu. Mtu huyu aliwahi kufagia hospitali fulani kwa miezi minane, na tangu hapo mtu akikohoa ukooni yeye ndiye anapigiwa simu kabla ya daktari. Akatuita pembeni, akashusha sauti kama anatoa siri ya serikali: "Msiende sasa. Bili ikiwa ndogo wataambia mlipe tu. Ngojeni inone."

Inone! Kama fahali wa Krismasi. Na sisi, watu wazima wenye vyeti vya shule, tukatikisa vichwa.

Basi ikanona. Daktari aliandika aende nyumbani siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri. Bili 91,000 na ushee. Nikakimbilia mlango wa bluu nikamkuta mama afisa anafunga droo. Hakunifukuza, akaketi tena. Akauliza, "SHA yake ikoje?" Nikajibu kwa kiburi kabisa, "Amesajiliwa, nilimsajili mwenyewe kwa *147#." Akaniangalia. "Nimeuliza kama imelipwa."

Jamani, mimi nilikuwa najua kusajiliwa ndiyo bima yenyewe! Kusajiliwa ni bure, na kunakufungulia matibabu ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya. Lakini kitanda cha hospitali kubwa kinataka mchango uwe umelipwa: asilimia 2.75 ya mapato, isipungue 300 kwa mwezi. Asiye na mwajiri hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, baada ya kujibu maswali ya kupima uwezo wake: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, unapikia nini. Kwa mama mdogo ingekuwa 3,600. Mchango wa WhatsApp ulipata hizo siku ya kwanza kabla ya saa sita, na tulizitumia kununulia matunda na nauli za watu waliokuja kumwombea. Tulipolipa baadaye, jibu likawa kwamba siku zilizopita ni zetu.

Kisha karatasi. Nakala ya kitambulisho chake, maelezo ya kazi na wanaomtegemea, barua ya chifu. Kitambulisho ni cha Busia, anaishi Nairobi miaka ishirini. Chifu, na simlaumu, hawezi kumwandikia mtu asiyemjua, akataka nimlete mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa alikuwa matangani Kitui. Aliporudi ilikuwa Alhamisi. Na ukishapata barua bado afisa aandike ripoti yake, ipande kwa wakubwa, ishuke. Siku hizo zote mama mdogo ameketi kitandani ameshapona, anasuka nywele za wagonjwa wenzake, na kitanda kinahesabiwa.

Siku tisa.

Kinachoniuma zaidi ni jirani yake wa kitanda. Walilazwa siku moja. Binti yake, msichana wa kibanda cha chapati, alienda mlango wa bluu siku ya pili. Afisa akaja wodini, akaongea na mgonjwa mwenyewe, akaandika kwenye faili, na barua ya chifu ikatafutwa polepole mama yake akiwa bado anatibiwa. Aliporuhusiwa, alitoka jioni ileile. Nilimbebea mfuko mpaka getini, nikarudi wodini kumngoja mzee wa Kitui.

Sisi tulisamehewa sehemu. Iliyobaki ilimeza mtaji wa omena na akiba yangu, na Fuliza, ule mkopo wa simu, imeniandama hadi leo kama mchumba aliyeachwa. Shemeji hakuchanga. Alituma emoji ya mikono.

Kwa hiyo mjomba wako wa kiharusi: nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii kesho asubuhi akiwa bado na dripu mkononi. Usiende na bili, nenda na mgonjwa. Mwambie ni muuza njugu, amepanga chumba kimoja Kariobangi, mkono wa kulia haufanyi kazi. Ndiye atakayekuuliza kuhusu SHA wakati bado inasaidia, ndiye anajua barua gani zinatakiwa, na mjomba akitoka ndiye anajua mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu ni nani. Sisi huyo mhamasishaji tulimjua mwezi mmoja baadaye, na anaishi ploti ya pili kutoka kwa mama mdogo! Na mtu akikusimamisha nje ya geti na kitambulisho shingoni akisema anaweza "kuharakisha", mpite kama mhubiri wa stendi.

Kadi ya NHIF, ile bima ya zamani, mliyopiga picha iacheni nyumbani, tangu Oktoba 1, 2024 kazi hiyo ni ya SHA. Zile pesa za wazee ulizouliza, za Inua Jamii ya serikali, 2,000 kwa mwezi, kwa upande wa wazee ni za kuanzia miaka 70, na mjomba umesema ana 64.

Kadi ya ulemavu na ya mkono ajibu mwingine. Nimeona umeandika kwamba daktari anapitia wodi kesho na huenda akamruhusu. Kesho ni Ijumaa, ndugu yangu. Afisi ikifunguliwa asubuhi ukute wewe ndiye uliyeketi kwenye benchi.