Unataka kuielewa Formula 1? Anza na Formula 3 ya 2014

Rafiki zangu wakijua napenda mbio za magari, huuliza waanzie wapi, na wengi hutarajia nitaje Ferrari au Mercedes. Mimi huwaambia waiweke Formula 1 pembeni kidogo, watafute msimu mmoja wa madaraja ya chini uliokwisha zamani, waufuate mbio kwa mbio. Nikibanwa niutaje, nautaja ubingwa wa Ulaya wa Formula 3 wa mwaka 2014.

Sababu yangu ni hii: chasi, yaani mwili wa gari bila injini, ilikuwa moja kwa wote, Dallara F312. Injini zilitofautiana na timu hazikulingana ubora, lakini hakukuwa na pengo la kutisha kama la Formula 1, ambako dereva mzuri anaweza kuzeekea nyuma kwa sababu ya gari bovu. Hapa unamwona dereva mwenyewe.

Msimu ulikuwa na mbio 33 katika raundi 11, tatu kila wikiendi. Ulianzia Silverstone, ukapita kwenye mitaa ya Pau kule Ufaransa, ukafika hadi Moscow, ukamalizikia Hockenheim. Usizisome zote kwa uzito sawa. Tulia kwenye Spa na Norisring. Spa ni njia ya kilomita saba msituni, Ubelgiji. Norisring ni kijia cha kilomita 2.3 mjini Nuremberg, unazunguka kwa chini ya dakika moja huku kuta zikiwa karibu. Njia mbili zisizofanana hata kidogo, na kijana wa miaka 16, Max Verstappen, akashinda mbio zote sita. Wala hakuwa mzoefu: mwaka uliotangulia alikuwa bado kwenye karting, mbio za vigari vidogo.

Sasa fungua msimamo wa mwisho. Verstappen alishinda mara 10, kuliko mtu yeyote, akamaliza wa tatu. Bingwa ni Mfaransa Esteban Ocon wa timu ya Prema, aliyeshinda mara 9, na wa pili ni Tom Blomqvist. Hapo ndipo wageni wengi hukwama, na hapo ndipo ninapotaka wakae.

Chukua kalamu. Mshindi hupata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15. Dereva akishinda mbio moja na kushindwa kumaliza mbili, anaondoka na 25. Mwenzake aliyeshika nafasi ya tatu mara zote anaondoka na 45, na pengine hakuna gazeti lililomwandika. Ocon alikuwa mtu wa namna hiyo, tena mwenye kasi: alipanda jukwaani, yaani alimaliza ndani ya tatu bora, mara 21. Ubingwa aliutia mfukoni Imola, raundi moja ikiwa bado. Kwa hiyo ukishika karatasi ya matokeo, macho yako yaanzie chini, kwa walioshindwa kumaliza. Mimi huanzia huko mpaka leo, hata kwenye Formula 1.

Fuatilia pia habari za pesa, maana mchezo huu unakula fedha. Ocon ni mtoto wa fundi magari. Wazazi wake waliuza nyumba wakaishi kwenye karavani ili aendelee kushindana. Verstappen naye ni mtoto wa Jos, aliyewahi kuwa dereva wa Formula 1. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini mmoja alianza Formula 1 mwaka 2015 akiwa na miaka 17, na bingwa aliyemshinda akasubiri hadi katikati ya 2016. Binafsi naona Ocon alionewa kidogo na wakati, ingawa siwezi kusema Red Bull, waliompeleka Max Formula 1, walikosea kumchukua.

Ukihamia kwenye Formula 3 ya sasa, angalia saa: majira ya joto, saa nane mchana Ujerumani ni saa tisa alasiri kwetu Dar na Nairobi, basi usipange safari ya sokoni muda huo. Na ujue mbio fupi za Jumamosi hupangwa kinyume: wale 12 bora wa kufuzu, yaani wa majaribio ya muda ya kupanga nafasi za kuanzia, hugeuzwa, wa kumi na mbili anaanza mbele kabisa. Kabla hujamsifu mshindi wa Jumamosi, tazama kwanza alianzia nafasi gani. Mbio ndefu ya Jumapili haigeuzwi.