Riwaya za upelelezi za kusikiliza: sikio haliwezi kuchungulia ukurasa wa mwisho

Mkuu mleta mada, nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema unapanda basi Dodoma–Singida kila Ijumaa na kurudi Jumapili, unataka riwaya za upelelezi za kusikiliza njiani, za kuazima na si za kununua, na umeuliza kama kusikiliza ni kusoma kweli au ni kujidanganya. Wachangiaji wawili wamekujibu kwamba ni uvivu. Mimi nasikiliza tangu 2018, sehemu kubwa vitabu vya kuazima, kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu.

Nianze na hilo la uvivu maana linaniuma. Mtu aliyekulia nchi hii akasema kusikiliza hadithi ni uvivu amesahau redio ya nyumbani kwao. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza mwaka 1993, Radio Tanzania waliurusha mara mbili kwa wiki, lakini huku kwetu haukusikika. Mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine hadi 1995 kwa sababu watafiti walihitaji eneo la kulinganisha, waone wasiousikia wanatofautiana vipi na wanaousikia. Sisi hatukujua lolote kuhusu utafiti. Tulijua tu kwamba mjomba akija likizo kutoka Morogoro anatusimulia kilichotokea, na anasimama palepale pazuri kwa sababu ndipo alipoishia siku ya kusafiri. Nilianza kupenda hadithi ya kusikia kwa kuikosa.

Sasa upelelezi. Ninavyoona mimi, hiyo ndiyo aina ya riwaya inayofaa sikio kuliko zote. Ukishika kitabu cha karatasi, hofu ikikubana unakimbiza macho, unaruka maelezo ya hali ya hewa na chakula cha jioni, na siku mbaya unafungua mwisho kuchungulia. Sikio haliwezi. Anayesoma kitabu cha sauti husoma kama maneno 9,000 kwa saa, na kila neno linapita mbele yako kwa mwendo uleule, la maana na lisilo na maana. Mwandishi wa upelelezi huficha ushahidi humo humo kwenye chai na mvua, mahali ambapo jicho hupenda kuruka.

Nina kishamba cha zabibu Mpunguzi, njia ya Iringa. Jumamosi moja nilikuwa napogolea, hedifoni sikio moja. Kwenye riwaya mtunza bustani alikuwa anahojiwa, akasema usiku ule alisikia geti likifungwa, akatulia kidogo, akaongeza: mara mbili. Msomaji hakupaza sauti wala hakuishusha. Alivuta tu pumzi kabla ya maneno hayo mawili. Nikasimama mkasi ukiwa wazi juu ya kitawi. Geti likifungwa mara mbili, basi kuna mtu wa pili aliyepita usiku ule. Kwenye karatasi ningelipita hilo. Nilipobana mkasi nilikuwa nimekata chini ya macho yote ya kuchipulia, na mzabibu huachiwa macho mawili au matatu kwenye kila kitawi ndipo uchipue. Kitawi hicho sikupata kitu msimu ule.

Kwa hiyo usikilize na kazi gani? Kupogolea kunataka uamuzi kila sekunde chache, na riwaya mpya inataka uamuzi uleule, basi vinagombana. Siku hizi nikipogolea nasikiliza kitabu ninachokijua. Kitabu kipya nakiwekea palizi, kuvuna, kufua, kuchambua mchele na kukaa kwenye basi. Kiti cha basi ni mahali pazuri sana, mkuu, umebahatika. Acha tu sikio moja wazi ukikaribia stendi, kwa ajili ya mzigo wako.

Kuhusu kuazima. Nilikuwa masomoni Uingereza, na maktaba ya mtaa nilioishi ilinipa kadi bure baada ya kuonyesha barua yenye anwani yangu. Kadi hiyo nikaiingiza kwenye programu iitwayo Libby, ya kampuni ya OverDrive. Unatafuta kitabu, unaazima, unakipakua kwenye simu, na siku zikiisha kinajirudisha chenyewe bila faini. Maktaba nyingi hutoa siku 14 au 21. Kilichonishangaza ni foleni. Nilijiuliza: kitabu cha sauti hakina karatasi, kwa nini nisubiri mtu arudishe? Sababu ni leseni. Mara nyingi mchapishaji huiuzia maktaba nakala moja kwa masharti kwamba msikilizaji awe mmoja kwa wakati, kama kitabu cha rafuni. Maktaba ikiwa na nakala mbili na watu 30 wanakitaka, unasubiri. Kuna riwaya niliisubiri wiki saba.

Nayo ndiyo iliyonitoka mkononi. Ilikuwa ya saa 11, nikaichezea wiki mbili za mwanzo, nikaja kuikimbiza siku tatu za mwisho. Usiku wa mwisho nililala zikiwa zimebaki saa mbili, mpelelezi amewakusanya wote sebuleni. Asubuhi haikuwepo, na kwenye foleni nilikuwa nyuma kabisa. Tangu hapo nikiazima nafanya hesabu kwanza: saa 11 kwa siku 21 ni kama dakika 31 kwa siku. Wewe una safari mbili za saa nne kwa wiki, kwa hiyo kitabu cha saa nane kinaisha wiki moja, na cha saa 16 kinataka wiki mbili. Chagua kwa kipimo hicho. Kasi unaweza kuiongeza, lakini upelelezi ukiukimbiza unaua zile pumzi ndogo nilizosema.

Niliporudi nyumbani kadi ilidumu mpaka ilipoisha muda, nami sikudanganya anwani ili kuihuisha. Naomba nawe usijaribu. Maktaba za aina hiyo huendeshwa kwa kodi za wakazi wake, na kila nakala unayoshika kuna mkazi anayeisubiri. Ila kama unasoma au unafanya kazi chuoni, kaulize maktaba ya chuo chako mambo ya vitabu vya sauti.

Nilichokimbilia mimi ni LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti vya bure. Wale hawakuazimi, wanakupa moja kwa moja. Mradi huo ulianza mwaka 2005, na wasomaji wake ni watu wa kujitolea wanaosoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha kwa sheria za Marekani. Ni Kiingereza kwa wingi. Kwa safari yako ningeanza na hadithi fupi za Sherlock Holmes, ambazo ziko 56, na zote hazina tena hakimiliki kule tangu Januari 2023. Nyingi ni za dakika 45 hadi saa moja na kidogo. Moja inakutoa Dodoma hadi Bahi na kuzidi, ya pili unaimaliza basi likipanda Saranda, na hakuna kukatwa katikati.

Bando: faili la kilobiti 64 linakula kama MB 29 kwa saa, la kilobiti 128 maradufu yake. Kwa sauti ya mtu anayesoma, lile dogo linatosha kabisa. Pakua Alhamisi usiku. Usitegemee mtandao wa njiani. Mimi ukishapita Bahi hunikatika mara kwa mara, na hakuna kitu kinachoudhi kama kukatikiwa mtu anapofungua mlango.

Sasa jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nikalijua baada ya kutupa vitabu vingi njiani: chagua msomaji kabla ya kuchagua kitabu. Sikiliza dakika tano za mwanzo. Kama kila mwanamke kwenye hadithi anasomwa kwa sauti ya kubana pua, acha. Kama msomaji anaigiza sana, muuaji utamjua sura ya pili, kwa sababu atampa sauti ya muuaji. Msomaji mzuri wa upelelezi anawatendea haki wote, anampa shahidi mwongo sauti ileile ya kawaida anayompa mkweli. LibriVox angalia kama kitabu kimesomwa na mtu mmoja au kimegawanywa. Kuna vingine kila sura ina sauti yake, na mpelelezi uliyemzoea anabadilika kila nusu saa. Nikimpata msomaji ninayemwamini namfuata hata kwenye vitabu ambavyo nisingevigusa.

Aina nyingine kwa kifupi. Riwaya za falme na uchawi zenye ramani na majina ishirini ya wafalme zinanishinda kwa sikio, kwa sababu siwezi kurudi kwenye ramani. Za kisayansi ni nzuri msimulizi akiwa mmoja. Za kutisha nimeziacha za usiku.

Nimebakiza swali lako la kama akili inashika. Hili nitalijibu kwa mama yangu.

Mama yuko Mvumi. Macho yake yaliharibiwa na vikope, ugonjwa ambao wazee wengi wa kwetu wanaujua vizuri kuliko wangependa, na sasa anaona mwanga na kivuli tu. Zamani alikuwa msomaji. Niliporudi kutoka masomoni nikawaza: kama mimi nasomewa na mtu nisiyemjua, mama yangu asomewe na nani? Vitabu vya sauti vya Kiswahili vya aina aliyoipenda, zile riwaya za upelelezi za miaka ya sabini, sikuvipata. Basi nikaanza kuazima vya karatasi na kumsomea kila niendapo, jioni baada ya kula, sura mbili au tatu.

Kimoja nilikiazima kwenye maktaba ndogo ya shule moja. Jioni tatu zilikwenda vizuri. Ya nne nikafungua mwisho wa sura ya mwisho, nikakuta uzi wa jalada na vipande vya karatasi vilivyochanika. Karatasi ya mwisho haikuwepo. Nikanyamaza. Mama akadhani namficha mwisho mbaya.

"Soma tu, mwanangu. Nimeshazika watu, sitaogopa."

Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: nani alikuwa na ufunguo, nani alisema amelala Tanga na basi lake likafika asubuhi, nani alikuta taa inawaka. Akafika kidole cha nne.

"Yule shemeji alisema hamjui marehemu. Halafu pale kwenye chai alimwita kwa jina la utotoni. Ni yeye."

Mimi ndiye niliyekisoma kitabu kile kwa macho yangu, kila neno, kwa sauti. Lile jina la utotoni nililitamka kwa mdomo wangu nisilione. Nikarudi nyuma, nikalikuta sura ya tatu, mstari mmoja, katikati ya maandazi na sukari iliyokwisha. Miezi miwili baadaye nikapata nakala nzima kwa mwalimu mstaafu wa Kongwa. Ni shemeji.

Kwa hiyo anayekwambia sikio halishiki, mlete Mvumi.

Kama na wewe una mzazi au jirani asiyeona, hii ndiyo njia iliyo wazi leo kwa riwaya za Kiswahili: azima, soma kwa sauti. Ukitaka kurekodi, kuwa mwangalifu. Kwetu hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa, na wengi wa waandishi wale hawajafikisha, kwa hiyo kurusha rekodi kwenye makundi ya simu ni kuwadhulumu warithi wao. Kwa wasioona kuna mlango: Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, ambao lengo lake ni kuruhusu vitabu viwekwe katika sauti au nukta nundu kwa ajili yao bila kuomba ruhusa kila mara. Natamani sana nione mlango huo ukitumika mkoani hapa, ambapo tuna shule ya wasioona pale Buigiri na wazee wa vikope vijiji vingi. Vijana wenye sauti nzuri tunao.

Kwa Ijumaa hii, mkuu: pakua hadithi mbili, usizidishe. Jaza chaji. Kaa upande usio na jua. Ukifika Singida andika hapa uliishia wapi na unamshuku nani, nitakujibu bila kukuharibia.

Mimi kesho nakwenda Mvumi. Kitabu tulicho nacho sasa kinatakiwa kurudi Alhamisi na zimebaki sura nne. Mama amepiga simu mara mbili leo kuuliza nitafika saa ngapi.