Barua kwa mwanangu: doa jeupe kichwani mwa kifaranga

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza mbona vifaranga wote 34 waliototolewa kwako wana doa jeupe kichwani, wakati hapa nyumbani ukitazama doa tu unajua jogoo ni yupi na tetea ni yupi. Umeniandikia kwamba jogoo wako ni Plymouth Rock wa milia, na matetea ni Rhode Island wekundu. Basi ni hapo hapo, baba: umegeuza. Kwangu jogoo ndiye mwekundu, matetea ndio wa milia.

Doa hilo ndilo dalili ya milia kwa kifaranga mweusi. Jeni ya milia imekaa kwenye kromosomu ya jinsia iitwayo Z. Jogoo ana Z mbili. Tetea ana Z moja na W, na hiyo W haibebi milia. Kwa ndege mama ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa binadamu ni baba, jambo ambalo wakwe wa shangazi yako hawakulijua walipomsimanga kwa kuzaa mabinti watupu. Tetea wangu humpa kila mwanawe wa kiume Z yake, na milia inakwenda nayo. Binti anampa W, kwa hiyo Z ya binti inatoka kwa baba asiye na milia. Ndiyo maana majogoo wadogo wana doa, na matetea ni weusi tii, mpaka wakikua ndipo wekundu unajitokeza shingoni.

Jogoo wako ana milia kwenye Z zote mbili. Kila mtoto lazima apate moja.

Wateja uliowaahidi matetea waombe radhi, wala usibahatishe kwa kuangalia ukubwa wa doa. Najua utataka kuwapandisha hao binti wa milia kwa jogoo mwekundu. Kwa hesabu za milia inakubali, ila karibu nusu ya vifaranga hawatakuwa weusi, na doa kwenye manyoya mekundu halionekani vizuri. Utakesha na tochi bure. Tafuta matetea halisi wa milia, na kila unapototolesha urudi kwa wazazi hao hao, usitumie watoto wao.

Jogoo mwekundu ninaye wa ziada. Ijumaa nitampa kondakta wa basi. Ukimpokea mshike miguu kwanza, huyu ana hasira.

Mama yako