Usikariri Namba ya Kigeu, Kitafute kwa Jina

Msomaji mmoja anayetumia MPI, yaani kiwango ambacho maktaba za programu hukifuata ili michakato mingi itumiane ujumbe, ameniandikia juzi: "Kaka, kigeu namba 14 kilikuwa kinanipa urefu wa foleni. Tumebadilisha toleo la MPI, sasa kinatoa tarakimu za ajabu. Maktaba imeharibika?"

Haijaharibika, ndugu yangu. Namba hiyo haikuwahi kuwa yako.

MPI 3.0 ya mwaka 2012 ilituletea MPI_T, tukaweza kuchungulia ndani ya maktaba wakati programu inafanya kazi. Ila kiwango hakimlazimishi mtengenezaji kuweka kigeu cha utendaji (kipimo cha yanayotokea ndani ya maktaba) hata kimoja. Kila maktaba ina vyake kwa mpangilio wake, na orodha huweza kurefuka katikati ya kazi. Zamani tulikuwa tunaipitia yote kwa MPI_T_pvar_get_info tukilinganisha majina. Toleo la 3.1 la mwaka 2015 likaleta MPI_T_pvar_get_index: unaipa jina na aina, inakurudishia namba. Usiisahau aina, kwa kuwa jina moja linaruhusiwa kuwa na vigeu viwili vya aina tofauti.

Mimi naipenda MPI_T_pvar_get_index kwa sababu ilinisafishia jina. Programu yetu ilizidi kuwa nzito kila tulipoongeza michakato, na kikao baada ya kikao wenzangu walilaumu mtandao. Nikasema ujumbe unafika kabla ya mpokeaji kujiandaa. Wakacheka. Tulitumia MPICH, mojawapo ya maktaba za MPI, basi nikatafuta unexpected_recvq_length (urefu wa foleni ya ujumbe uliofika kabla ya kutarajiwa), aina MPI_T_PVAR_CLASS_LEVEL, nikafungua kikao cha vipimo, nikatenga kishikio cha kukisomea kigeu hicho, nikasoma. Foleni ilikuwa inapanda tu! Tukasogeza MPI_Irecv, wito wa kujiandaa kupokea ujumbe, mbele, kabla ya hesabu nzito, foleni ikashuka na kasi ikarudi. Ripoti iliandikwa "timu imegundua". Timu ipi? Haya, tuyaache.

Jamani, acheni uvivu. Anayeandika 14 ndani ya msimbo amejiwekea mtego mwenyewe. Tafuta kwa jina kila programu inapoanza, tena katika kila mchakato, maana hakuna ahadi kwamba mchakato wa jirani una orodha kama yako. Halafu kagua jibu. MPI_T haiiangushi programu kwa sababu ya kosa lako: inarudisha alama ya kosa na kuendelea kimya, nawe ukiipuuza utachora grafu nzuri ya takataka. Nimeziona grafu hizo, na wenyewe walizitetea kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo kaka, futa hiyo 14, weka jina. Ukirudishiwa MPI_T_ERR_INVALID_NAME, kagua herufi kwanza, kisha aina. Vikiwa sawa na unatumia MPICH, muulize aliyeijenga kama aliweka chaguo la --enable-mpit-pvars wakati wa kuijenga, kwa sababu bila hiyo vigeu vya foleni havimo kabisa. Ikiwa ni maktaba nyingine, chapisha orodha yake yote kwanza uone wao wanakiitaje.