Kabla fani hazijajenga modeli zao, someni hapa: mota tatu ziliungua kisima kimoja

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza uchukue programu gani ya modeli za mfumo (michoro ya kompyuta inayoonyesha sehemu za mradi zinavyoungana), Capella ya bure au ya kulipia, na mainjinia wa ujenzi uwafundisheje SysML, lugha ya kuchorea modeli za aina hiyo. Halafu katikati ukapitisha sentensi moja kama si kitu: kila fani itajenga modeli yake kwanza, mwezi wa sita mtaziunganisha. Hiyo ndiyo imenifanya niache chakula mezani. Maneno hayo hayo niliyasema mimi kikaoni, na wote wakatikisa kichwa kukubali.

Mradi wetu ulikuwa maji ya kijiji kwa nguvu ya jua: kisima, pampu ya kuzamishwa, paneli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uendeshe mota), mnara na tenki juu yake. Fani nne: ujenzi, mitambo, umeme na vijana wa programu ya kuendesha pampu. Kila fani ikajenga modeli yake, na zilikuwa nzuri. Tulipoziunganisha hakuna kilicholalamika, kijani kila mahali.

Kilichotuua ni maneno mawili, "urefu wa tenki". Kwa mtu wa ujenzi ni kutoka ardhini hadi kitako cha tenki, mita 6. Wa mitambo akaiona 6 ile ile akadhani ndipo maji yanapoingilia, kumbe bomba linaingilia juu ya tenki, mita 3 zaidi. Baadaye mnara ukapandishwa hadi mita 9 ili maji yafike nyumba za kilimani. Ujenzi wakasahihisha kwao, kwa mitambo ikabaki 6. Maji kisimani hukaa mita 42 chini. Pampu iliyochaguliwa kwa mita 48 (42 na 6) ikawa inadaiwa 54 (42, mnara 9, tenki 3), na msuguano wa mabomba sijauhesabu.

Saa sita mchana maji yalitoka, vigelegele vikapigwa. Shida ilikuwa asubuhi. Jua likiwa dogo, inveta hupunguza mwendo wa mota, na uwezo wa kupandisha maji hushuka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa asilimia 80, urefu unabaki asilimia 64. Mwendo huo tunaupima kwa hezi za umeme unaofika kwenye mota, na pampu yetu kikomo chake kilikuwa mita 70 kwa hezi 50. Vijana wa programu waliambiwa hezi 42 zinatosha kuanzia. Kwa mita 48 zinatosha kweli. Kwa 54 zinatakiwa karibu 44. Basi kila asubuhi mota inazunguka na maji hayapandi. Mota ya aina hiyo hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, yasipopita inachemka. Na ulinzi tuliokuwa nao ni kipimo cha kina cha kisima, nacho kilisema maji yapo tele, endelea.

Ya kwanza ilipoungua tukasema mota feki. Ya pili tukamlaumu mtu wa umeme, maskini, akalala site wiki nzima anapima nyaya. Ya tatu tulipoivuta, bomba moja baada ya jingine, waya ukatoka unanuka moshi, na bibi mmoja mwenye ndoo akaniuliza, "Mwanangu, kisima kimekauka?" Nikamjibu maji yapo, mama. Sikuwa na la kuongeza.

Hasira yangu yote iko kwa mshauri aliyetuuzia leseni ya programu ya modeli. Kwa bei ile ungelisha harusi tatu na ng'ombe wakabaki! Alituonyesha kisa cha ndege ya Airbus A380: nyaya zilizoandaliwa Hamburg zilifika Toulouse hazitoshei, kwa sababu pande mbili zilitumia matoleo tofauti ya CATIA, programu ya kuchorea ndege. Akasema mkiwa kwenye programu moja fani zitaelewana zenyewe. Kisa ni cha kweli. Ila hakututajia Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA cha kwenda Mars kilichopotea mwaka 1999: upande mmoja ulitoa namba ya msukumo wa injini kwa pauni-sekunde, wa pili ukaisoma kama newton-sekunde, tofauti ya mara 4.45. Namba ilifika salama, ila aliyeipokea aliielewa vingine. Sisi tulikuwa ndani ya programu moja, toleo moja, seva moja, na bado tukaunguza mota tatu.

Kwa hiyo kabla kisanduku cha kwanza hakijachorwa, kalisha fani mbili mbili na karatasi, waandike kila namba inayovuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Iwe na mwenyewe mmoja anayeruhusiwa kuibadilisha. Iandikwe inapimwa kutoka wapi hadi wapi, kwa kipimo gani, na nani apigiwe simu ikibadilika. Ndani ya modeli ikae mahali pamoja tu, wengine waichukue hapo, asiinakili mtu. Sisi tulilifuta kabisa jina "urefu wa tenki". Sasa kuna "kitako cha tenki juu ya ardhi" na "mdomo wa bomba juu ya ardhi", na mnara ukiguswa zote mbili zinasogea. Watakuambia wanaelewana, hawahitaji karatasi. Sisi pia tulikuwa tunakula pamoja kila mchana.

Programu chukua Capella, ni ya bure, itakutosha kuanzia. Ila usisubiri mwezi wa sita. Anza wiki hii na ujenzi na mitambo, kisha mitambo na vijana wa programu. Orodha ikipatikana iweke hapa, hata picha ya karatasi yenye madoa ya chai, nitaisoma mstari kwa mstari.