Maswali na majibu: Kinga ya nyanya za kienyeji

Msimu uliopita nyanya zote zilijikunja majani isipokuwa shina moja la kienyeji. Nimepata mbegu yenye kinga? (Bombo)

Bado hujui. Huenda nzi weupe, wanaoeneza virusi vya ugonjwa huu, walilipita tu. Otesha mbegu zake, panda miche ingali midogo katikati ya nyanya zinazougua, na kando yake weka MoneyMaker, aina ya nyanya isiyo na kinga, ya kulinganishia. Hiyo ikijikunja na yako ikasimama, niandikie tena. Kila msimu naletewa "kinga" kutoka shamba lililopigwa dawa tangu kitaluni. Shamba lisilo na ugonjwa halipimi chochote.

Nilikamua mbegu za chotara yenye kinga, sasa miche mingine inaugua. Nilidanganywa dukani? (Kasese)

Hukudanganywa. Chotara ikiwa imepata jeni ya kinga kwa mzazi mmoja tu, robo ya watoto wake huikosa. Nimelijibu hili mara nyingi mno.

Shikamoo mzee. Nataka nyanya ya bibi yangu ipate kinga bila kupoteza ladha. Nianzie wapi? (Busia)

Marahaba, mwanangu. Kwanza kausha mbegu za bibi kivulini na uwagawie ndugu wawili, ili asili isipotee ukikosea.

Kisha tafuta chotara inayohimili TYLCV, yaani virusi vinavyokunja majani ya nyanya. Mara nyingi kinga hiyo ni jeni ya Ty-1, iliyotoka kwa Solanum chilense, nyanya pori ya Chile na Peru. Nyanya ya bibi ndiyo iwe mama. Jioni chagua ua linalokaribia kufunguka, petali zikianza tu kugeuka njano. Kwa kibanio chembamba ng'oa koni ya njano iliyo ndani, ubakize kijiti cha kijani. Asubuhi kung'uta maua ya chotara juu ya kifuniko cha chupa, gusisha unga wake kwenye ncha ya kijiti, ufunge uzi mwekundu kwenye kikonyo.

Watoto watakuwa nusu bibi, nusu mgeni. Waweke penye ugonjwa, chagua waliosimama, uwachavushe tena na nyanya ya bibi, na urudie hivyo kila kizazi. Damu ya bibi inapanda: asilimia 75, kisha 87.5, kisha karibu 94. Kila mzunguko karibu nusu ya miche itakosa jeni, kwa hiyo usipande chini ya 10. Mwisho acha mashina yajichavushe, chagua watoto waliosimama, nao uwaache wajichavushe, kisha upande watoto 20 wa kila shina hilo jipya. Lile ambalo watoto wote wamesimama ndilo la kuhifadhi. Na upike kila kizazi! Watu wanauza mbegu baada ya mchavusho wa kwanza, na tunabaki na shina lenye afya na mchuzi wa maji matupu.

Hiyo si GMO, mmea uliobadilishwa jeni maabara? (Kampala)

Hapana. Ni ua kwa ua. Muswada wa bayoteknolojia ambao Rais Museveni alikataa kuusaini mwaka 2017 ulihusu mambo mengine.

Majani yamejikunja, nipige dawa gani? (Mbale)

Yamejikunja vipi? Majani mapya yakiwa madogo, yamekunjamana kwenda juu, kingo njano, ni virusi: ng'oa shina. Ya chini tu yakijiviringa na bado kijani, ni jua au ukavu. Dawa ya kuponya virusi haipo, na anayekuuzia anakuibia.

Nyanya zangu za kinga zimezaa vizuri, lakini jirani anasema ndizo zinazomwambukiza. (Tororo)

Huenda ana haki. Shina lenye kinga huweza kubeba virusi kidogo bila kuugua, na nzi weupe wakavihamisha. Ukimaliza kuvuna usiache mashina yasimame, yang'oe na uyachome wiki hiyo hiyo, kabla jirani hajahamisha miche yake.