Krismasi ambayo hatukwenda Moshi

Mtu wa Kilimanjaro anayeishi Dar es Salaam akikwambia Krismasi hii hasafiri, mpe pole kwanza, maswali baadaye. Kuna utani wa siku nyingi kwamba ikifika katikati ya Desemba foleni za Dar hupungua kwa sababu Wachagga wameondoka. Mwaka ule sisi tulibaki Kimara, tukawa tunayaangalia mabasi yanavyotoka kituo cha Mbezi Luis yamejaa hadi magunia.

Sababu ilikuwa pesa, na nyuma ya pesa alikuwepo Mama. Aliugua tangu Machi, tukamzika Agosti Marangu, kihambani kwake, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani. Akiba yetu yote iliishia kwenye matibabu na msiba. Novemba tukapiga hesabu ya basi kwa watu watano, kwenda na kurudi, tukapiga na ya treni ile iliyorudishwa mwaka 2019. Ukikumbuka kuwa mtu haingii kwao mikono mitupu, zote mbili ziligoma.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Kama hamsafiri, waambie watoto na ndugu mapema. Mimi nilivuta hadi wiki ya pili ya Desemba nikitegemea muujiza wa M-Pesa, na watoto walikuwa wameshagawana nani atakaa dirishani kuanzia Chalinze na nani kuanzia Korogwe. Nilipowaambia, yule mdogo wa miaka sita akauliza, "Sasa Krismasi itafanyikia wapi?" Kama vile ni harusi na sisi tumehamisha ukumbi.

Jumapili ile, ya tatu ya Majilio, yale majuma manne ya kuingoja Krismasi, nikachukua sahani, nikaijaza mchanga na kuchomeka mishumaa minne, ile myeupe ya dukani ya kuwasha umeme ukikatika. Tukawasha mitatu kwa mkupuo, kulipa deni la wiki mbili. Desturi hii huhusishwa na mchungaji wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini. Mwaka 1839 walimchosha kwa kumuuliza kila siku Krismasi ni lini, akatundika gurudumu lenye mishumaa ili wahesabu wenyewe. Nilimwelewa sana mchungaji huyo.

Hamburg kuna baridi, lakini. Dar ya Desemba, ukitaka mshumaa usizimike lazima uzime feni. Kwa hiyo ibada yetu ya kila jioni ilikuwa ya jasho: mtoto mmoja anasoma mistari michache ya Luka sura ya pili, tunaimba ubeti mmoja, kila mtu anataja jambo moja la siku, basi, feni inawashwa. Dakika kumi tu. Nakushauri usizidishe hapo. Ibada ya nyumbani ikiwa ndefu, watoto wanajifunza kupiga miayo huku wamefumba midomo.

Jioni moja mkubwa wangu alisoma habari ya Yosefu kwenda Bethlehemu kwa ajili ya ile sensa. Nimeisikia tangu shule ya Jumapili, lakini siku hiyo ilinishika. Bethlehemu palikuwa kwao! Ulikuwa mji wa ukoo wake, wa Daudi, na hata huko walikosa nafasi, mtoto akalazwa kwenye hori. Mimi mwezi mzima nilikuwa nikilia moyoni kwamba bila kufika kwetu hakuna Krismasi, na kumbe yule aliyefika kwao alilala na mifugo. Sikuacha kumlilia Mama. Niliacha tu kuiona nyumba yangu ya kupanga kama mahali pa kungojea safari.

Mapambo sitayasemea sana. Tawi la mvinje kutoka kwa vijana wa barabarani, nyota za karatasi, na nikaacha hapo.

Chakula ndicho nilichokipa nguvu. Watu wengi wakibaki mjini wanapika pilau kwa sababu ni sikukuu, na pilau ni tamu, siibishii. Lakini ukiwa na msiba, pika kile ambacho marehemu angekipika. Tarehe 23 nilidamka kwenda Mabibo, kwenye soko liitwalo Mahakama ya Ndizi, nikatafuta mkungu mdogo wa mshare, ndizi zetu za kupika, hadi nikaupata. Tukamenya wote watano kwenye baraza, mikono ikawa myeusi kwa utomvu kwa sababu nilisahau kuipaka mafuta, kosa ambalo Mama angelitangaza kijiji kizima. Machalari yakaiva kwa nyama ya ng'ombe, si mbuzi, na nikatia nazi kidogo kwa kuwa mume wangu ni mtu wa Tanga. Watoto wakaanza wenyewe: "Bibi angesema hizi ndizi zimepakwa poda." Tukacheka, kisha nikatoka nje nikalia, kisha nikarudi kula. Usizuie lolote kati ya hayo matatu.

Sahani ya kwanza ilikwenda kwa jirani yetu Muislamu. Idi yeye huleta, Krismasi sisi hupeleka. Sahani ilirudi jioni na maembe dodo manne, kwa sababu kwetu sahani hairudi tupu.

Na simu. Kuanzia tarehe 24 mchana niliifungia kabatini. Huna haja ya kuona status za watu wako kihambani, moshi wa nyama unapanda, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Utaumwa bure. Niliitoa kwa sababu moja tu, na hiyo nitaieleza.

Baada ya mazishi, mimi na kaka yangu tulitofautiana kuhusu madeni ya msiba. Maneno yalisemwa. Tangu Septemba tulikuwa tunajibizana kwenye kundi la ukoo kwa "sawa" na "nimeona". Kwetu mtu aliyekosa huchukua jani la isale, akaenda nalo kwa aliyemkosea, na likishaletwa ni vigumu sana kumkatalia msamaha. Ndilo tunalolipanda makaburini na kwenye mipaka ya vihamba. Mjini watu wanalijua kama ua tu. Wauza miche wa kando ya barabara wanalo. Siku zile nilikuwa nimelipita mara kumi. Mchana wa mkesha nikalinunua, likiwa ndani ya kopo la rangi, nikavunja jani, nikalifunga fundo kama alivyokuwa akifanya Mama, nikalipiga picha mezani karibu na mishumaa, nikamtumia kaka. Sikuandika neno.

Alama za buluu zikatokea. Kimya. Tukaenda ibada ya mkesha, tukarudi saa nne usiku, bado kimya. Nikaanza kujuta kwamba nimefanyia masihara jambo la wazee.

Asubuhi ya tarehe 25, kabla ya saa moja, simu ikalia kutoka kabatini. Kaka. Nyuma yake nikasikia majogoo na mtu anakata kuni.

"Hilo jani," akasema, "umelinunua?"

Nikamwambia ndiyo, elfu tatu.

"Elfu tatu! Mimi hapa ninalo boma zima." Akacheka, na sauti ikamkatika katikati. Halafu akasema anakwenda kaburini, nibaki hewani. Nikabaki. Watoto wakaja mmoja mmoja wakaketi pembeni yangu, tukamsikiliza akifagia majani ya migomba juu ya kaburi la Mama, hatuongei, hadi salio lake likaisha.

Isale lile bado lipo barazani. Muuzaji aliniambia nisilimwagie maji mengi.